Mgongo wa Mpishi Zuurakan

Siku Zuurakan alipoinama akashindwa kuinuka ilikuwa Jumatatu, mwanzoni mwa Novemba, na supu ya watoto mia mbili na kumi ilikuwa imeshachemka. Tulikuwa tumeishika ile sufuria kubwa, yeye upande wa kulia, mimi wa kushoto, kama tulivyoishika kila siku ya Mungu. Nikasema, "Moja, mbili, haya." Mimi nikanyanyua. Yeye hakunyanyua. Alitoa sauti kama ya mnyama aliyekanyagwa, akabaki amejikunja palepale, viganja juu ya magoti, jasho likimdondoka puani.

"Dada Zuura!" nikamwita.

"Usiniguse," akasema. "Ukinigusa nitakuua."

Mlango ukafunguliwa, akaingia mkuu wa shule, Bwana Sagynbek, na suti yake ya kijivu. Aliitazama sufuria, akamtazama Zuurakan, kisha akatazama saa yake.

"Chakula kitachelewa?" akauliza.

Hilo ndilo alilouliza. Nilikuwepo, nililisikia kwa masikio yangu mawili.

Nimefanya kazi na Zuurakan miaka kumi na minne katika jiko la shule ya bweni ya Kara-Döng, mji wetu mdogo wa milimani ambako theluji hushuka Oktoba na huondoka inapojisikia. Yeye alinitangulia kwa miaka kumi na miwili. Alianza akiwa msichana wa miaka ishirini na minane, mwenye mashavu mekundu na mkono mwepesi wa kukanda unga, mume wake akiwa hai bado. Mume akafa, binti yake Ayperi akakua akaenda Bishkek, mji mkuu, na yeye akabaki na jiko. Tena hakuwa mnung'unikaji. Akiwa na homa alikuja. Barabara ikifungwa na theluji alikuja kwa miguu, analeta na vitunguu vya kwake mwenyewe kama vya shule vimeoza.

Sasa jiko letu halikuwa na maji. Maji yalikuwa kwenye bomba la uani, na kutoka uani hadi jikoni kuna ngazi sita, ambazo wakati wa baridi zinateleza kama zimepakwa mafuta. Ndoo mbili mkononi, ngazi sita, mara ishirini na tano kwa siku. Hapo bado hujabeba makaa, hujabeba magunia ya viazi, hujaishusha sufuria. Tuliomba maji yavutwe ndani. Wakati wa baridi Bwana Sagynbek alisema ardhi imeganda, haichimbiki. Kiangazi alisema bajeti haijaja. Kabla yake kulikuwa na mkuu mwingine, naye alisema hayohayo, kana kwamba wanarithishana maneno pamoja na kiti.

Mgongo ulianza kumuuma Zuurakan miaka minane kabla ya Jumatatu ile. Mwanzoni ulikuwa unauma jioni tu. Halafu ukawa unauma asubuhi. Halafu maumivu yakaanza kushuka kwenye tako na paja la kushoto, mara moja moja, kama mtu amemgusisha waya wa umeme. Alivaa mkanda wa manyoya ya ngamia uliofumwa na mama yake. Alikwenda kwenye zahanati ya wilaya, wakamwandikia sindano kumi. Zikiisha, anarudi, wanamwandikia kumi nyingine. Alimeza vidonge vya maumivu mpaka tumbo likaanza kumwaka moto, akaacha vidonge, akarudi kwenye mkanda.

Siku ile ya supu tulimlaza juu ya magunia ya unga. Mwalimu wa useremala, Jumadyl, akaleta mlango mbovu wa karakana, tukambeba juu yake mpaka kwa kaka yake Mambetkul, maana nyumba yake ndiyo iliyo jirani na shule.

Jumapili iliyofuata wakaja ndugu. Nilikuwepo, maana nilimpelekea supu na nikalazimishwa kukaa. Zuurakan alikuwa amelala kwenye godoro pembeni mwa chumba, ameegeshwa mito. Wengine wamezunguka meza ya chini, nyama imewekwa, maandazi yamemwagwa mezani, chai inamiminwa kwenye vibakuli. Na katika kikao chote kile kuhusu mgongo wake, hakuna aliyegeuza kichwa kumtazama mwenye mgongo.

"Ngozi ya kondoo," alisema Mambetkul. Ni mtu mkubwa, sauti yake imezoea kuita farasi ng'ambo ya bonde. "Unachinja kondoo dume, unamfunga mgonjwa ndani ya ngozi ingali moto. Baridi yote inatoka. Baba alipona hivyo."

"Baba alikufa," akasema mkewe, Totugul.

"Alikufa kwa ini! Mgongo wake alizikwa nao mzima!"

"Mjomba, tafadhali," alisema Ayperi, ambaye alikuwa amekuja kutoka Bishkek na simu yake haikutoka mkononi. "Mama anahitaji kipimo cha kisasa, cha kuingizwa kwenye bomba la sumaku. Kuna kliniki ya binafsi mjini, nimeshaongea nao. Wanafanya na operesheni palepale."

"Wakimpasua mgongo hataamka," akasema Mambetkul. "Mtu uti wake ndio nguzo ya hema. Ukiigusa nguzo, hema linaanguka."

"Mganga wa viungo je?" akauliza Totugul. "Yule mzee wa bonde la juu?"

"Yule mlevi?" akasema Ayperi.

"Akilewa ndio mikono inakuwa mizuri."

Wakacheka. Wakala. Wakabishana tena. Mimi nilikuwa namtazama Zuurakan, nikaona taya lake linatetemeka. Nilidhani analia. Kumbe alikuwa anatafuta kitu cha kurusha. Alipata kibakuli chake cha chai, akakirusha ukutani, kikavunjikia hapo, juu kidogo ya kichwa cha Mambetkul.

"Mimi ni maiti?" akapiga kelele. "Niambieni! Mnagawana nyama, mmekaa duara, mnasema habari zangu kama sipo! Mimi ni maiti, mnanifanyia matanga?"

Chai ikawa inachuruzika ukutani.

"Zuura, sisi tunakuhurumia," akasema Mambetkul, na sauti yake ilikuwa imepungua nusu.

"Kaka, huruma yako kaa nayo. Uliza. Si lugha yetu ina neno la kuuliza? Niulize mimi nataka nini!"

"Haya basi. Unataka nini?"

Hakujua. Nadhani ndilo lililomtia hasira zaidi ya yote, kwamba hatimaye ameulizwa, na hana jibu. Alitaka maumivu yaishe. Nani asiyetaka?

Basi alianza na ngozi, kwa kuwa kondoo alikuwepo. Mambetkul alichinja asubuhi, wanawake tukamvua Zuurakan, tukamfunga kwenye ngozi mbichi inayofuka mvuke, tukamfunika mablanketi. Alilala saa tatu mfululizo kama mtoto. Alipoamka, akasimama wima. Kwa siku nne alitembea bila kushika ukuta, na Mambetkul akawa anapita mji mzima amevimba kama jogoo. Siku ya tano Zuurakan alirudi kazini. Siku ya sita, kwenye ndoo ya thelathini hivi, alikaa kwenye ngazi na hakuweza kusimama.

Mzee wa bonde la juu naye alimjaribu. Alimlaza kifudifudi, akaweka goti kiunoni, akavuta mabega. Kitu kikalia *kra!* Mzee akasema, "Hapo sasa! Imeingia." Zuurakan akamzaba kofi bila kukusudia, hata yeye mwenyewe alishangaa. Wiki nzima baada ya hapo alikuwa anakwenda chooni kwa kutambaa. Mzee alisema ni kofi lile lililoharibu dawa.

Basi ikabaki kliniki. Mwezi wa Desemba tukaenda Bishkek, mimi nikamsindikiza. Tulikodi gari dogo, akalala kiti cha nyuma kichwa mapajani pangu, na kila kona ya mlima nilikuwa namsikia anasaga meno. Ayperi alitupokea. Kliniki ilikuwa na viti vya ngozi na samaki wa rangi kwenye tangi la kioo. Zuurakan akaingizwa kwenye lile bomba la sumaku, ikapigwa ngoma humo ndani dakika ishirini, akatoka mweupe kama karatasi. Kisha tukaingia kwa daktari.

Daktari alikuwa mtu msafi sana. Alitazama picha kwenye kioo cha kompyuta, akaonyesha kwa kalamu.

"Diski mbili zimetoka. Hii na hii. Tunafungua, tunaondoa, tunaweka skrubu sita na vyuma viwili. Alhamisi nina nafasi."

"Alhamisi hii?" akauliza Ayperi.

"Akichelewa, ataishia kwenye kiti cha magurudumu."

Ayperi akaanza kulia. Zuurakan alikuwa amesimama, kwa sababu kukaa kulikuwa kunamuuma zaidi, akisubiri daktari amgeukie. Hakugeuka.

"Daktari," akasema, "nina swali."

"Sema, mama."

"Mimi kazi yangu unaijua?"

"Hiyo haihusiani na operesheni."

"Nabeba ndoo za maji. Nashusha sufuria ya lita hamsini. Ukinitia hizo skrubu, nitabeba?"

"Hapana. Utapumzika miezi sita. Baadaye tutaona."

"Maumivu yataisha?"

"Wagonjwa wetu wengi wanaridhika."

"Sikuuliza wa kwenu. Nimeuliza maumivu yangu. Mbona hata hujanigusa? Hujaniambia nivue koti. Mganga mlevi alinigusa!"

Daktari akaweka kalamu chini. Alimwambia Ayperi, siyo Zuurakan, kwamba mgonjwa ana wasiwasi, jambo la kawaida kwa wanawake wa umri huo, na kwamba familia ikubaliane. Gharama zilikuwa zimeandikwa kwenye karatasi, akampa Ayperi. Mambetkul, tulipompigia simu, alisema bila kusita kwamba atauza farasi jike na mwanawe. Kaka yule mwenye mdomo mrefu, farasi wale ndio roho yake. Nikamwona Zuurakan anauma mdomo mpaka damu ikatoka.

"Usiuze," akasema kwenye simu. "Ukiuza, sikanyagi kwako tena."

"Mama, unataka kukaa kwenye kiti cha magurudumu?" Ayperi akalia. "Nani atakutunza? Mimi! Mimi ndiye nitakayekusukuma!"

"Basi utanisukuma! Nilikubeba miezi tisa, hukunisikia nikilia kwamba mzigo ni mzito!"

Waligombana pale mbele ya samaki mpaka muuguzi akatuomba tutoke. Ayperi hakuongea na mama yake miezi miwili baada ya siku ile. Na mimi nitasema ukweli: njia nzima ya kurudi nilidhani Zuurakan amekosea. Niliogopa kile kiti. Yeye pia aliogopa. Hasira yake ndiyo iliyokuwa nguo ya nje, hofu ilikuwa ndani.

Kulikuwa na dereva wa shule, Jolchubek, aliyefanyiwa operesheni ya mgongo mwaka uliotangulia, akapona, mpaka leo anaendesha lori. Zuurakan akamwendea kumuuliza. Jolchubek akamwambia, "Dada, mimi mguu ulikuwa umekufa. Unyayo unaburuta, nashindwa kukanyaga breki. Tena kabla hawajanipasua alinipima daktari mpya wa kwetu hapa, yule mwanamke. Alinigonga magoti kwa nyundo saa nzima. Nenda kwake kwanza."

"Kwenye zahanati ileile ya sindano?"

"Ileile. Lakini mtu ni mwingine."

Daktari Burulcha alikuwa na miaka arobaini hivi, amevaa koti la manyoya juu ya koti jeupe kwa sababu bomba la joto la zahanati lilikuwa limepasuka. Alimwambia Zuurakan avue. Alimtazama akitembea kwa visigino, akitembea kwa vidole. Akamgonga magoti. Akamnyanyua mguu mmoja, kisha mwingine. Akamchoma taratibu kwa pini akiuliza, "Hapa unasikia? Na hapa?" Akamuuliza kama mkojo unamtoka bila kujua, kama kuna ganzi sehemu za siri. Zuurakan akaona haya, akajibu hapana. Ndipo daktari akachukua ile picha ya mjini, akaiinua dirishani.

"Picha ni ya kweli," akasema. "Hawakukudanganya hapo. Lakini nikikamata wanawake kumi wa umri wako sokoni, wasioumwa kitu, nusu yao au zaidi wana picha kama hii. Picha haiumi. Wewe ndiye unayeumwa. Miguu yako ina nguvu sawa, mishipa inaitika. Maumivu yako mengi yako kiunoni, machache mguuni. Kwa mtu kama wewe, kuhusu operesheni siwezi kukuahidi kitu. Inaweza kusaidia, inaweza isisaidie, na ukishafunguliwa hufungiki kama mwanzo."

"Na kiti cha magurudumu?"

"Sikioni. Lakini mkojo ukikutoka, au ganzi ikakushika kati ya miguu, au unyayo ukaanza kuburuta, usingoje asubuhi. Siku hiyohiyo njoo, na siku hiyo mimi mwenyewe nitakupeleka ukapasuliwe."

"Sasa nifanye nini? Nilale?"

"Usilale. Kulala kunauozesha mgongo. Utembee kila siku, kidogo kidogo, hata ukiuma. Nitakuonyesha mazoezi, yanachosha na hayana sifa, na utayafanya miezi, siyo siku. Vidonge utameza kidogo, pamoja na chakula. Na ndoo uache. Siyo milele. Kwa sasa."

Nilidhani Zuurakan atashukuru. Alivaa sweta lake, akafunga vifungo vyote, akasema kwa sauti ya chini:

"Miaka minane nimekuja jengo hili. Sindano kumi, sindano kumi. Nimehesabu, mia moja na arobaini mmenichoma. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza nabeba nini. Leo ndio mnaniuliza? Mlikuwa wapi?"

"Mimi nimekuja mwaka jana," akasema daktari.

"Sikuulizi wewe! Naliuliza jengo!"

Daktari Burulcha akakaa mezani, akachukua kalamu. "Una haki ya kukasirika," akasema. "Kasirika. Lakini mazoezi fanya."

Akamwandikia barua yenye muhuri: mgonjwa asibebe mzigo wa zaidi ya kilo tano kwa miezi sita, apewe kazi nyepesi.

Bwana Sagynbek aliisoma barua ile amesimama, akaikunja vizuri, akairudisha.

"Zuurakan, mimi nakuheshimu sana," akasema. "Lakini mpishi asiyeweza kubeba sufuria siyo mpishi. Andika barua ya kuacha kazi kwa hiari yako. Tutakufanyia sherehe, tutakupa na zulia."

"Hiari yangu?"

"Ndivyo inavyoandikwa."

"Hiari yangu ni kupika," akasema Zuurakan. "Kesho nakuja."

Kesho yake alikuja. Alimenya, akakata, akakaanga vitunguu na nyama, akapanga kila kitu. Maji nilibeba mimi, ndoo moja moja. Wali wa pilau ulipoiva, nikaisogelea sufuria, akanizuia kwa mwiko.

"Wewe usiguse. Unataka na wewe ulazwe kwenye magunia? Nenda kamwite mkuu."

"Dada Zuura..."

"Nenda, Anarkan!"

Nikaenda. Bwana Sagynbek alikuja na walimu wawili nyuma yake, maana watoto walikuwa wameshajipanga kwenye bwalo, wanagonga vijiko mezani, kelele inafika mpaka barabarani.

"Kuna nini hapa?"

"Chakula kiko tayari," akasema Zuurakan. "Kiko motoni, kinaanza kuungua. Kishushe."

"Mimi?"

"Wewe. Ulisema asiyeweza kubeba siyo mpishi. Na mkuu je? Shika huku, Jumadyl atashika kule. Halafu ukimaliza, ndoo zile pale, za kuoshea vyombo. Ngazi ni sita, kuna barafu, angalia usianguke. Unatakiwa kwenda mara kumi na mbili tu, mimi asubuhi nimeshafanyiwa na Anarkan zilizobaki."

"Zuurakan, unanidhalilisha mbele ya walimu."

"Miaka ishirini na sita!" Hapo sauti ikampasuka. "Miaka ishirini na sita, wewe na aliyekutangulia, mnanipita na suti zenu kwenye ngazi zile nikiwa na ndoo, mnaniambia habari za asubuhi! Mnapisha ili maji yasiwarukie viatu! Shusha sufuria, Sagynbek!"

Hakuna aliyewahi kumsikia akimwita mkuu kwa jina tupu. Moshi wa wali unaoungua ukaanza kupanda. Akaishusha. Uso ulimwiva, miguu ikamcheza, lakini akaishusha yeye na Jumadyl. Kisha, sijui kwa aibu au kwa ubishi, akashika ndoo. Alikwenda mara nne. Ya tano alivua koti la suti. Ya saba akaketi kwenye ngazi, akawa anahema na kutazama viganja vyake.

Jumadyl ndiye aliyeuliza. Yule ni fundi, jicho lake hutembea kwenye kuta. "Mkuu," akasema, "choo cha walimu kina maji. Kiko nyuma ya ukuta wa bwalo. Kwa nini tusivute kutoka kule, ndani kwa ndani? Hakuna haja ya kuchimba ardhi."

"Presha haitoshi," akasema Bwana Sagynbek.

"Nani aliipima?"

Akachukua koti lake, akarudi ofisini. Baadaye tulikuja kujua kwa karani wake: bomba lingepita kwenye ukumbi wa wageni, na ukumbi ule ulikuwa umepigwa plasta mpya na rangi ya krimu kwa ajili ya wakaguzi.

Jumadyl alipima siku ileile. Mita kumi na moja. Jumamosi, bila mkuu kuwazuia, yeye na Mambetkul walitoboa kuta mbili, wakafunga bomba la plastiki, na Jumapili saa nane mchana wakanifungulia koki jikoni. Maji yakatoka kwa nguvu mpaka yakaniloanisha kifua. Mimi nilipiga vigelegele. Mambetkul akacheka kwa sauti yake ya farasi. Zuurakan alikuwa amesimama mlangoni.

"Mita ngapi?" akauliza.

"Kumi na moja, Dada," akasema Jumadyl kwa furaha.

"Siku moja na nusu?"

"Siku moja na nusu."

Akafunga koki. Akaifungua. Akaifunga. Halafu akaokota ile ndoo yake ya bati, nyepesi, tupu, akaipiga ukutani, akaipiga tena, akaipiga mpaka mpini ukachomoka na bati likapasuka, na sisi tumesimama tu, hakuna aliyethubutu kumshika. Alikuwa analia bila kufuta machozi. "Mita kumi na moja," anasema. "Mgongo wangu. Mita kumi na moja." Totugul aliyekuwa ameleta chai akaweka birika chini akalia naye. Mambetkul akatoka nje akasimama kwenye theluji bila kofia.

Sitaki kusema alipona. Mazoezi aliyafanya, akimlaani daktari kwa kila zoezi. Mwezi wa kwanza hakuona tofauti, akataka kuacha. Mwezi wa tatu akawa analala usiku bila kuamka. Kiangazi alipanda malishoni kwa miguu, akipumzika njiani mara mbili. Baridi ikirudi, mgongo unarudi kumkumbusha, siku mbili, siku tatu, kisha unaachia. Barua ya kuacha kazi hakuiandika, na mkuu hakuitaja tena. Jikoni tuna toroli la chuma, sufuria inateremshwa juu yake na wanaume wawili wa zamu. Zipo siku ananiambia, "Labda ningepasuliwa ningekuwa mpya." Zipo siku anasema, "Labda ningekuwa nimekwisha." Hajui. Ayperi alikuja mwezi wa Machi, wakapatana kwa kupika pamoja bila kuzungumzia jambo lile.

Ila hajatulia. Ameandika barua kwa ofisi ya kazi ya wilaya, ugonjwa wake uandikwe kwamba umetokana na kazi, siyo na uzee. Walimjibu kwamba hakuna ushahidi. Akaandika ya pili, akaambatanisha saini za wapishi wa shule tisa, kila mmoja na umri wake, na miaka aliyobeba maji, na mahali panapomuuma. Wakamjibu kwamba barua imepokelewa.

Wiki iliyopita nilikuwa namsaidia kuandika ya tatu, kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka. Yeye alikuwa amelala chali sakafuni, magoti juu, anafanya zoezi lake huku akinitamkia maneno ya kuandika.

"Andika: kwa heshima kubwa," akasema.

Nikaandika.

"Hapana. Futa hiyo heshima. Anza na jina langu, na tarehe niliyoanza kazi."